Shajara ya mradi: kompyuta zinazogoma kuwaka kwa sababu ya kibodi

Jumamosi, asubuhi

Kompyuta zimepangwa mstari mmoja, kila moja imebandikwa herufi kwa utepe wa karatasi, kuanzia A mpaka G. Ni mashine za umri mbalimbali zilizokuwa zimewekwa kando, na sasa zinaandaliwa kwa ajili ya chumba cha kujifunzia kuchapa. Karibu zote zimeletwa na lalamiko moja: ukiwasha, skrini inaandika kwamba kibodi ina hitilafu au haipo, halafu mashine inagoma kuendelea. Waliozileta walikwisha kuzihukumu. Baadhi walinunua kibodi mpya, wakachomeka, lalamiko likabaki palepale, basi wakaamua kwamba ubao mama umekufa.

Tunataka mambo mawili. Kwanza, kila mashine iwake tangu swichi mpaka mfumo endeshi bila mtu kulazimika kubonyeza F1. Pili, mashine G, ambayo itatunza mafaili ya chumba kizima, iwake yenyewe bila kibodi kabisa.

Kabla ya kushika bisibisi nimeweka sharti: haibadilishwi kibodi yoyote mpaka ijulikane ni nani aliyenyamaza. Ujumbe wa "Keyboard error or no keyboard present" hausemi kwamba kibodi imeharibika. Unasema BIOS, yaani programu ya kuwashia iliyohifadhiwa kwenye ubao mama, iliuliza, na jibu ililolitarajia halikuja. Kati ya swali na jibu kuna chipu, fyuzi, tundu, pini, waya, na karatasi za plastiki zilizo chini ya vitufe. Chochote kati ya hivyo kikileta shida, maneno ya kwenye skrini ni yaleyale.

Daftari limechorwa safu nne: maneno kamili ya skrini, milio, taa za kibodi zilifanya nini, na plagi ni ya aina gani. Mdogo wangu ndiye mwandishi, kwa sababu macho yake ni mepesi kuliko yangu kuona taa zinapomulika.

Jumamosi, mchana

Kabla hatujafungua chochote, niliona nimweleze mdogo wangu mazungumzo yanavyokwenda, na nayaandika hapa maana kazi yote inayofuata imejengwa juu yake.

Ukibonyeza swichi, kabla mfumo endeshi haujasomwa kutoka kwenye diski, programu iliyohifadhiwa kwenye ubao mama hukagua viungo vya mashine: kichakataji, kumbukumbu, kadi ya picha, kibodi. Ukaguzi huo mafundi huuita POST. Kwa upande wa kibodi, ukaguzi una hatua mbili, na aliyezichanganya hizi mbili atazunguka siku nzima.

Hatua ya kwanza haiihusu kibodi kabisa. BIOS inasemezana na chipu ya kidhibiti iliyo kwenye ubao wenyewe. Asili yake ni Intel 8042, iliyotumiwa kwenye IBM PC AT ya 1984. Siku hizi kazi yake imemezwa na chipu kubwa zaidi, lakini milango yake miwili, 60 na 64 kwa hesabu ya heksadesimali (yenye tarakimu 16, 0 mpaka 9 kisha A mpaka F), bado ni ileile. BIOS inatuma amri AA, na kidhibiti kikiwa kizima kinarudisha 55.

Hatua ya pili ndiyo ya kibodi. BIOS inatuma FF, yaani jianze upya ujikague. Kibodi inajibu FA, kwamba imesikia, kisha inajipima yenyewe, na baada ya muda wa kama nusu sekunde inatuma AA ikijiona iko sawa, au FC ikiwa imeshindwa. Wakati inajipima, taa za Num Lock, Caps Lock na Scroll Lock humulika zote tatu kwa pamoja, mara moja, kisha huzimika.

Mmuliko huo nauthamini kuliko kifaa chochote kilichomo kwenye sanduku langu. Kibodi ya plagi ya duara hujipima mara inapopata umeme, hata kama kompyuta haijaisemesha neno. Kwa hiyo taa zikimulika, umeme umefika na chipu ya ndani ya kibodi iko hai, na lililobaki ni njia ya mazungumzo. Zisipomulika, achana na mipangilio ya BIOS, tafuta umeme kwanza.

Tumeziwasha zote, moja baada ya nyingine, na daftari limeanza kuzungumza. C taa hazikumulika hata kidogo. B na D zilimulika vizuri. F ilipiga milio. E ina kibodi ya USB na taa zake ziliwaka kwa kuchelewa, baada ya mfumo endeshi kuanza kupanda.

Jumamosi, jioni

A imekwisha bila bisibisi. Plagi ya kibodi ilikuwa imechomekwa kwenye tundu la kipanya, na ya kipanya kwenye la kibodi. Matundu hayo ya pini 6, yaliyokuja na kompyuta za IBM Personal System/2 mwaka 1987, yana umbo moja, kwa hiyo plagi inaingia popote. Zambarau ni la kibodi, kijani ni la kipanya. Nyuma ya A rangi zilikuwa zimefifia chini ya vumbi. Zipo mashine za baadaye zenye tundu moja lililopakwa nusu zambarau nusu kijani, hizo hupokea chochote. Mashine ilizimwa, plagi zikabadilishana, ikawashwa, ikapita.

Nasisitiza ilizimwa. Plagi ya duara haikubuniwa kuchomolewa na kuchomekwa mashine ikiwa inawaka. Mara nyingi hakuna kinachotokea, ndiyo maana watu wamezoea, lakini siku kitakapotokea kitafanana na mashine C.

B ilikuwa kazi nzuri. "Kaka, hii taa zimemulika, mbona bado inalalamika?" mdogo wangu aliuliza, na ni swali hasa linalotakiwa kuulizwa. Tuliishika plagi ya kibodi chini ya taa na kuitazama kwa uso. Katikati kuna kijiti cheusi cha plastiki kinachozuia plagi isiingie imepinda, na pini 6 zimekizunguka. Pini moja ilikuwa imelala ubavuni, imegusa ukuta wa plagi, kwa kuwa mtu aliisukuma kwa nguvu kabla haijakaa sawa na tundu.

Si kila pini iliyolala inaleta shida. Pini 1 inabeba data, 3 ni hasi, 4 ni volti 5, na 5 inabeba mapigo ya saa. Pini 2 na 6 kwa kawaida hazina kazi. Ingelala ya 4, taa zisingemulika. Iliyolala ilikuwa ya 5, na hapo jibu la mdogo wangu likapatikana: kibodi ina umeme, imejikagua, imejiona mzima wa afya, lakini bila mapigo ya saa hakuna hata biti moja inayofika. Kila herufi inayotoka kwenye kibodi ya aina hii husafiri kwa biti 11, ya kuanzia, 8 za ujumbe, moja ya kuhakikisha usawa na moja ya kumalizia, na kila biti inasomwa kwa pigo moja la saa.

Kunyoosha pini kunataka subira. Nilitumia kibano chembamba, nikaiinua kidogo kidogo kuanzia kwenye shina, si kwa kuivuta ncha. Chuma hicho kikikunjwa mara kadhaa huvunjika, na pini ikivunjika kinachobaki ni kubadilisha plagi nzima. Iliponyooka tulilinganisha na plagi nzima ya kibodi nyingine, kisha tukaiingiza taratibu. B imepita.

Jumapili

Siku nzima ya mashine C, na sijutii.

Taa hazimuliki. Kibodi ya B ambayo tunajua ni nzima nayo ikichomekwa kwenye C haimuliki. Kipanya cha plagi ya duara pia kiko kimya. Vitu viwili vinavyotumia matundu mawili tofauti vikinyamaza pamoja, shaka inahama kutoka kwao na kwenda kwenye kitu wanachoshirikiana. Tulipima kwa mita, mashine ikiwa inawaka, kati ya nafasi ya pini 3 na ya 4 kwenye tundu. Ilipaswa kusoma karibu na volti 5. Ilisoma sifuri. (Anayerudia kipimo hiki awe mwangalifu ncha za mita zisigusane ndani ya tundu, maana ataunguza kilekile anachokitafuta.)

Karibu na matundu hayo kwenye ubao mama huwa kuna fyuzi ndogo inayolinda njia ya volti 5. Kwenye C ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele, kimeandikwa F pembeni yake. Baadhi ya bodi zina fyuzi zinazojirudisha zenyewe zikipoa, lakini hii ni ya kuungua mara moja. Tulichomoa waya wa umeme, tukaweka mita kwenye kipimo cha ukinzani. Fyuzi nzima ingeonyesha karibu na sifuri. Hii haikuonyesha njia kabisa.

Hapa wengi hufurahi na kukimbilia kuunganisha fyuzi nyingine, au vibaya zaidi, kuweka kipande cha waya. Fyuzi haiungui bure. Tulirudi kwenye kibodi iliyokuja na C na kupima ukinzani kati ya pini 3 na 4 kwenye plagi yake. Mita ikasoma karibu na sifuri, maana yake volti 5 na hasi zimegusana mahali fulani. Tukaupapasa waya kwa vidole tangu plagi mpaka kwenye kibodi, na kabla ya katikati pakawa bapa, kama pamekanyagwa na mguu wa meza. Tukaukata hapo na kuuchuna: nyaya mbili ndani zilikuwa zimepoteza gamba na kushikana. Tungeweka fyuzi mpya na kuirudishia kibodi hii, ingeungua mara tu swichi ikibonyezwa, na watu wangesema tena ubao umekufa.

C inasubiri fyuzi ya kiwango kilekile. Sitaki kuweka ya kiwango kikubwa zaidi, kwa kuwa kinachoungua badala yake ni njia za shaba za ubao.

Jumatatu, usiku

D inatoa ujumbe tofauti na wengine, unasema kuna kitufe kilichokwama. Hii ni habari njema. Kidhibiti kimejibu, kibodi imejibu, na tatizo limekwisha kupunguzwa mpaka kitufe kimoja. Kompyuta za IBM za mwanzo zilikwenda mbali zaidi: namba ya hitilafu ya kibodi ilikuwa 301, na ikiwa kuna kitufe kilichokwama, mbele yake iliandikwa namba ya kitufe chenyewe. Watengenezaji wengine walirithi 301 hiyo, na bado inaonekana kwenye mashine za baadaye.

D haitaji ni kitufe gani, kwa hiyo tukaitafuta wenyewe. Kwanza yale mepesi: tukaipindua kibodi, tukaitikisa, tukabonyeza kila kitufe na kukiachia tukisikiliza mlio wa kurudi. Kitufe cha nafasi kilirudi polepole upande mmoja. Ili tusibahatishe, tuliendelea mpaka kwenye mfumo wa Linux, tukafungua skrini ya maandishi matupu na kutumia amri ya showkey -s, inayoonyesha namba za vitufe jinsi zinavyoingia. Kila kitufe kina namba ya kushikwa na namba ya kuachiwa, na ya kuachiwa ni ileile ikiongezwa 80 ya heksadesimali. Cha nafasi kikishikwa ni 39, kikiachiwa ni B9. Kwenye skrini zilijipanga 39, 39, 39, mstari baada ya mstari, na B9 haikuja mpaka tulipokipiga kitufe kwa kidole.

Njia hii naipenda zaidi kuliko kufungua programu ya kuandikia na kutazama herufi zinazojichapa, kwa sababu Shift, Ctrl na Alt zikikwama hazichapi kitu. Utaona tu mashine inafanya vituko.

Kufungua: skrubu za nyuma zilitoka zote na kibodi bado ikashikilia. Huwa kuna moja iliyofichwa chini ya lebo. Ukipitisha kidole juu ya lebo kwa kuikandamiza utasikia shimo. Ilipoachia, ndani kulikuwa na mkeka wa mpira wenye vichuguu, kimoja kwa kila kitufe, na chini yake karatasi tatu za plastiki laini. Ya juu na ya chini zimechorwa njia nyembamba zinazopitisha umeme, na ya katikati ina matundu tu. Kitufe kikibonyezwa, kichuguu kinaisukuma karatasi ya juu ipite kwenye tundu na kugusa ya chini. Kidole kikitoka, karatasi inajinyanyua.

Chini ya kitufe cha nafasi haikujinyanyua. Kimiminika chenye sukari kilikwisha kumwagika zamani, kikapenya kati ya karatasi na kukauka kama gundi. Karatasi ya juu na ya chini zilikuwa zimeshikana kwa doa la rangi ya kahawia pana kama ukucha wa dole gumba. Zaidi ya hapo, fimbo nyembamba ya chuma inayosawazisha kitufe hicho kirefu ilikuwa imetoka kwenye kishikio chake upande wa kushoto, ndiyo maana upande huo ulirudi kwa uzito.

Tuliyoyafanya, kwa mpangilio tulioufuata: vitufe na mkeka wa mpira viliingia kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo. Karatasi tulizitenganisha polepole, tukilowesha doa kwa spiriti ya isopropili na kusubiri liachie lenyewe, kisha tukafuta kwa kitambaa laini bila kusugua. Hizo njia zilizochorwa hukwanguka kirahisi, na vitufe vimeunganishwa kwa safu na nguzo, kwa hiyo njia moja ikikatika hakifi kitufe kimoja, hufa kundi. Nimeona hii ni alama nzuri ya kukumbuka: kitufe kimoja kikifa, shuku uchafu. Vikifa kadhaa kwa mpigo, shuku njia iliyokatika au mahali karatasi zinapobanwa kwenye chipu.

Kila kitu kimetandazwa kikauke. Hatutaichomeka leo hata kama inaonekana kavu, kwa sababu unyevu hubaki katikati ya karatasi ambako jicho halifiki.

Jumanne

Kibodi ya D imekauka, fimbo imerudishwa kwenye kishikio, imefungwa. D imepita bila kulalamika.

Jumatano

E ndiyo yenye USB, na imenipa raha ya kueleza jambo ambalo watu wengi hulikuta bila kulielewa. Ikishapanda mpaka kwenye mfumo endeshi, kibodi inafanya kazi vizuri kabisa. Wakati wa kuwaka, BIOS inasema haipo, na F1 yenyewe haisikiki.

Kibodi ya USB haizungumzi na kidhibiti cha 8042. Ina njia yake, yenye draiva yake, yaani programu ndogo ya kuzungumza na kifaa, na mfumo endeshi unayo draiva hiyo. Kabla mfumo haujapanda, BIOS inabidi iwe na draiva yake ndogo. Ndiyo maana walioandika kanuni za USB waliweka namna rahisi ya kibodi kuzungumza wakati wa kuwaka: ujumbe wa baiti 8, ya kwanza ni ya Shift, Ctrl, Alt na wenzao, ya pili imeachwa, na 6 zilizobaki ni za vitufe vilivyoshikwa kwa wakati mmoja. BIOS ikizielewa hizo, inaweza hata kujifanya 8042 ili programu za zamani zidhani kibodi ni ya duara. Lakini hayo yote yanategemea mpangilio mmoja, ambao mara nyingi huitwa "Legacy USB Support" au "USB Keyboard Support". Ukiwa umezimwa, kibodi iliyo nzima inahesabiwa haipo.

Tatizo ni kwamba kuufikia mpangilio huo kunataka kibodi. Tuliazima ya plagi ya duara, tukaichomeka mashine ikiwa imezimwa, tukaingia, tukauwasha. Mashine isiyo na tundu la duara ingetaka kurudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani kwa kijumba cha pini kilicho kwenye ubao mama, kwa kufuata kitabu chake, ikitumainiwa kwamba mpangilio wa kiwandani unaikubali USB. Vile vibadilishi vidogo vya kugeuza USB kuwa duara havisaidii kila kibodi. Havina chipu ndani, vinaunganisha nyaya tu, kwa hiyo hufanya kazi kwa kibodi zilizoundwa kujua lugha zote mbili.

E ikapita. Tukaizima ukutani kwenda kufanya shughuli nyingine, tuliporudi lalamiko limerudi.

Jicho la mdogo wangu lilikwenda kwenye tarehe iliyoandikwa juu ya skrini, ambayo ilikuwa nyuma kwa miaka mingi. Hiyo ni dalili ya betri. Mipangilio ya BIOS kwenye mashine za aina hii huhifadhiwa kwa nguvu ya betri ndogo ya duara, CR2032, ya volti 3. Ikichoka, kila mara umeme wa ukutani ukikatika mashine inasahau saa na mipangilio yote, na E ikisahau inarudi kwenye hali ya kutoijua USB. Mita ilisoma volti 2.3. Betri mpya ikawekwa, saa ikarekebishwa, mpangilio ukawashwa tena. Tukachomoa waya wa umeme, tukaiacha kwa muda mrefu, tukarudisha. Imekumbuka.

Mengine ya USB nayaandika kwa kifupi kwa atakayefuata baada yetu. Mpangilio wa kuwaka haraka, "Fast Boot", kwenye baadhi ya mashine unaruka maandalizi ya USB ili kuokoa sekunde, na kibodi inakuwa haisikiki kwenye dirisha la kuingilia BIOS. Kibodi isiyo na waya yenye kipokezi kidogo cha USB huonekana na BIOS kama kibodi ya kawaida, lakini ya Bluetooth kwa kawaida inangoja mfumo endeshi. Kibodi iliyopitia kigawanyio cha USB ijaribiwe kwanza moja kwa moja kwenye tundu la nyuma. Na anayeweka Windows 7 kwenye mashine yenye USB 3.0, akiona kibodi inasikika kwenye BIOS kisha inakufa kwenye skrini ya kwanza ya usakinishaji, asibadilishe kibodi: Windows 7 haikuja na draiva ya USB 3.0. Ahamie tundu la USB 2.0 kama lipo.

Alhamisi

F inapiga milio 6 mifupi na haitoi picha. BIOS yake ni ya AMI, na kwa AMI milio 6 inaelekeza kwenye kidhibiti cha kibodi, pamoja na kitu kinachoitwa lango la A20. Uhusiano wa kibodi na lango la kumbukumbu unashangaza mpaka ujue historia: wahandisi wa IBM PC AT walihitaji swichi ya kufungua na kufunga mstari wa 21 wa anwani za kumbukumbu ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi, na kidhibiti cha kibodi kilikuwa na pini ya ziada isiyotumika. Wakaitumia hiyo. Kwa hiyo chipu hiyo ikifa, shida haiishii kwenye vitufe.

Kabla ya kukubali kwamba imekufa, kila kitu kilichomolewa: kibodi, kipanya, vifaa vyote vya USB, kwa sababu kifaa chenye nyaya zilizogusana kinaweza kuangusha njia nzima. Milio 6 ilibaki. Tukaondoa betri na kurudisha mipangilio ya kiwandani. Milio 6. Tukakagua ubao kwa kioo cha kukuzia kuzunguka matundu na chipu, hakuna uchafu wala kutu. Hatua ya kwanza ya mazungumzo, ile isiyoihusu kibodi, ndiyo iliyokatika, na chipu yenyewe imeunganishwa kwenye ubao kwa miguu mingi myembamba ambayo sina kifaa cha kuitoa salama.

F haitawaka kwenye mradi huu. Lakini fyuzi yake ya kibodi ni nzima, mita imethibitisha, na maandishi yaliyo juu yake ni yaleyale ya fyuzi ya C. Imehamishwa kwa ncha nyembamba ya chuma cha kuunganishia. C tuliipima kwanza bila kitu kilichochomekwa: volti 5.0 kwenye tundu. Kisha tukachomeka kibodi nzima, taa tatu zikamulika, na mashine ikapita moja kwa moja.

Jumamosi

G, yenye kazi ya kuishi bila kibodi.

Watu hushangaa mashine inaposema kibodi haipo kisha ikaagiza ubonyeze F1. Agizo hilo ni la hitilafu zote, liliandikwa mara moja na hutokea baada ya ujumbe wowote, iwe ni betri, feni au kibodi. Na bado lina maana, kwa sababu linamngoja mtu achomeke kibodi na kuendelea. Kwa sava iliyo kwenye kona hakuna mtu huyo.

BIOS ya G ni ya Award, na mpangilio unaohusika unaitwa "Halt On". Una chaguo kadhaa: kusimama kwa kila hitilafu, kutosimama kabisa, au kusimama kwa zote isipokuwa baadhi. Nilichagua "All, But Keyboard". Lipo kishawishi la kuchagua kutosimama kwa chochote, na kwa mashine inayotunza mafaili ya watu nalikataa. Diski ikikosekana au kumbukumbu ikiwa na kasoro, nataka isimame iseme. Kibodi peke yake ndiyo tumeisamehe. Kwenye BIOS nyingine jambo hilohilo huitwa "Wait For F1 If Error", na huwa ni la kuwasha au kuzima tu, bila kubagua, kwa hiyo kwa mashine za namna hiyo ni lazima kuitazama afya ya diski kwa njia nyingine.

Betri yake tumeibadilisha bila kungoja ichoke. Somo la E linatosha: betri ikifa, "Halt On" inarudi kwenye hali ya kiwandani, na siku umeme utakapokatika na kurudi, sava itasimama kwenye skrini ambayo hakuna anayeitazama. Tumewasha pia mpangilio wa kujiwasha umeme ukirudi.

Jaribio: G imewekwa bila kibodi, bila kipanya, bila skrini. Umeme ukachomolewa, ukarudishwa. Kutoka kwenye A tukangoja jibu lake kwenye mtandao, likaja. Tukaiamuru ijizime na kuwaka upya, ikarudi. Mdogo wangu akaandika "G, imepita", akachora mstari.

Kilichobaki: ndani ya kifuniko cha kila mashine inabandikwa karatasi yenye mipangilio iliyobadilishwa na mwezi betri ilipowekwa. Kibodi ya zamani ya C, yenye waya uliosagika, inabadilishiwa waya wote au inakuwa akiba ya vitufe. F inavuliwa kumbukumbu, diski na kifaa cha kugawia umeme, na ubao wake unabandikwa maandishi makubwa: milio 6, kidhibiti, fyuzi imeondolewa.